Chupa Tano Mezani: Wiski Mbili, Ramu Tatu na Namba za Kwenye Lebo

Mnunuzi wa pombe kali anaposimama mbele ya rafu ya duka, macho yake hutafuta namba kwanza. Kumi na mbili, kumi na sita, ishirini na tatu: namba ikipanda, bei nayo hupanda, na imani ya kwamba kilichomo ni bora zaidi hupanda pamoja nazo. Chupa tano ninazozitathmini hapa ni Johnnie Walker Black Label na Lagavulin 16 za Uskoti, Appleton Estate 12 ya Jamaika, El Dorado 12 ya Guyana na Ron Zacapa 23 ya Guatemala. Nimeziweka meza moja kwa makusudi, kwa sababu namba zilizo kwenye lebo zake hazisemi jambo moja, na anayezilinganisha kwa namba peke yake atakosea karibu kila mara.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayoipa namba maana yake. Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka kinywaji kikae ndani ya Uskoti, katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi ujazo wa lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na kitiwe chupani kikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Vinavyoruhusiwa kuongezwa ni maji na karameli ya kutilia rangi tu. Sukari, asali na ladha za viwandani ni marufuku. Umri ukitajwa, unakuwa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo, hata kama nyingine zimekaa pipani maradufu ya muda huo. Ramu haina sheria ya namna hiyo iliyo moja kwa dunia nzima. Kila nchi inayozalisha ina utaratibu wake: Jamaika na Barbados zinajulikana kwa msimamo mkali dhidi ya kuongeza sukari, ilhali kwingineko utamu wa ziada ni desturi ya miaka mingi na hakuna anayeionea haya. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 787 ya mwaka 2019, uliweka ukomo wa gramu 20 za utamu kwa kila lita ya ramu inayouzwa katika soko lake, ukomo ulioanza kutumika Mei 2021. Kabla ya hapo msomaji wa lebo hakuwa na la kushika.

Vinywaji vyote vitano vilionjwa kavu kwanza, bila barafu wala soda, kiasi cha nusu toti, katika glasi ndogo yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Umbo hilo lina kazi yake, kwani harufu hukusanyika tumboni na kupandia puani kwa mkondo mmoja, wakati bilauri pana ya kawaida huitawanya kabla haijamfikia mnywaji. Asiye na glasi maalumu ya kuonjea atumie ile ndogo ya mvinyo, nayo inatosha. Hali ya hewa ya pwani yetu inadai tahadhari moja ambayo vitabu vya Ulaya havina haja ya kuitaja: nyuzi joto 30 zinafanya alkoholi ipande kwa nguvu na kuchoma pua kabla ya kitu kingine chochote kunuswa. Ni vyema chupa ikae kwenye jokofu kwa dakika chache kabla ya kufunguliwa, si hadi iwe baridi, bali hadi iache kuwa vuguvugu.

Johnnie Walker Black Label haihitaji utambulisho mrefu kwa msomaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Ni mchanganyiko wa wiski nyingi za kimea cha shayiri na za nafaka nyinginezo, hakuna iliyo chini ya miaka 12, na nguvu yake ni asilimia 40. Chanzo cha jina ni duka la vyakula alilofungua John Walker mjini Kilmarnock mwaka 1820. Harufu yake ni vanila, tufaha, zabibu kavu na moshi hafifu unaokuja mwishoni na kuondoka haraka. Mdomoni ni laini, haina kona, na mwisho wake ni mfupi kidogo kuliko ambavyo ningependa. Wengi wanaoinywa hapa kwetu huizamisha katika soda na barafu hadi moshi ule mdogo unapotea kabisa, jambo ambalo ni haki yao, ingawa kwa matumizi hayo chupa ya bei ya chini zaidi ingetosha. Tofauti ya Black Label na zile za chini yake huonekana inaponywewa kavu au kwa matone machache ya maji. Kama kipimo cha kulinganishia vingine haina mpinzani, kwa kuwa inapatikana kila mahali na haibadiliki.

Lagavulin 16 ni kitu kingine kabisa. Kiwanda chake, kilichoanza mwaka 1816, kipo pwani ya kusini ya kisiwa cha Islay, jirani na viwanda vya Laphroaig na Ardbeg, na kimea chake hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyolundikana kwa maelfu ya miaka, yakakatwa mabonge na kukaushwa ili yawe kuni. Moshi wa piti huacha ndani ya shayiri kemikali za jamii ya fenoli, na kemikali hizo hupita katika uchachushaji na mtambo wa kukenekea, yaani unaochemsha pombe na kuukusanya mvuke wake, bila kufutika. Ndizo zinazompa mnywaji harufu ya iodini, majivu, kamba ya chombo cha baharini na mwani uliokaukia ufukweni. Aliyekulia karibu na bandari atazitambua harufu hizi mara moja, na huenda akashangaa kuzikuta zimetiwa chupani na kuuzwa ghali.

Glasi ikiachwa itulie kwa muda, moshi hurudi nyuma na nyuma yake hujitokeza tini, ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari na chai nyeusi iliyokolea. Mdomoni wiski hii ni nzito; asilimia zake 43 zinahisika lakini haziungui, na moshi hukaa kooni muda mrefu baada ya glasi kuwa tupu. Hapa maji yana kazi ya kweli. Mwaka 2017 watafiti Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guaiakoli, mojawapo ya kemikali zinazobeba harufu ya moshi, husogea karibu na uso wa kinywaji pale kiasi cha alkoholi kinapopunguzwa. Nikiongeza matone ya maji kwenye Lagavulin, moshi unakuwa mtamu zaidi na ule ukali wa kidawadawa unapungua. Nikiongeza zaidi ya kijiko cha chai, tini zinapotea na kinachobaki ni maji ya moshi. Ni wiski ninayoiheshimu kuliko zote nne zilizobaki mezani, lakini simshauri mtu aianze safari yake ya wiski nayo, tena huuzwa kwa zaidi ya maradufu ya bei ya Black Label. Namba 16 katika chupa hii ni ya kweli na ina sababu: moshi wa piti katika wiski changa hufoka na kufunika kila kitu, na miaka mingi pipani huupunguza makali hadi ladha nyingine zipate nafasi.

Kabla ya kuingia kwenye ramu, inafaa kueleza mapipa hufanya nini, kwa sababu hapo ndipo miaka 12 ya Uskoti na miaka 12 ya Karibi zinapoachana njia. Sheria za Marekani zinataka wiski ya bourbon iwekwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, kwa hiyo viwanda vya huko hubaki na mapipa yaliyokwisha kutumika mara moja, na mapipa hayo huuzwa Uskoti na visiwani Karibi. Wiski na ramu, basi, mara nyingi hulala katika mbao zilezile. Kinachotofautisha ni joto. Katika ghala la Uskoti lenye ubaridi, kinachopotea kwa mvuke hukadiriwa kuwa asilimia 2 kwa mwaka. Katika joto la Jamaika hutajwa asilimia 6 au zaidi. Tuchukue pipa la kawaida la Kimarekani lenye lita 200. Kwa upotevu wa asilimia 2, baada ya miaka 12 zitabaki takriban lita 157; kwa asilimia 6 zitabaki kama 95, yaani chini ya nusu. Joto hilohilo huharakisha ubadilishanaji kati ya kinywaji na mbao, kwa hiyo ramu ya miaka 12 iliyokaa nchi ya joto huwa imenyonya mti kwa kiasi ambacho wiski ya Uskoti ingehitaji muda mrefu zaidi kukifikia. Kwa mantiki hiyo mtu angetarajia ramu kama hiyo iwe ghali kuliko wiski ya umri huohuo. Mara nyingi sivyo, na kwa mnunuzi hiyo ni nafuu ya kuitumia.

Appleton Estate 12 ndiyo mfano bora wa nafuu hiyo. Shamba lake lipo bonde la Nassau, katika parokia, yaani wilaya, ya St Elizabeth, na limekuwa likitengeneza ramu tangu mwaka 1749. Mchanganyaji mkuu wake kuanzia mwaka 1997 ni Joy Spence, mkemia, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika tasnia ya pombe kali. Ramu zinazochanganywa hutoka katika mitambo ya namna mbili: ya chungu cha shaba, inayokeneka kwa mikupuo na kuacha ladha nzito, na ya mnara, inayokeneka mfululizo na kutoa kinywaji chepesi. Zote zimekaa Jamaika kwa miaka isiyopungua 12, na nguvu yake chupani ni asilimia 43.

Rangi yake ni ya shaba iliyosuguliwa. Harufu ya kwanza ni ganda la chungwa, na ganda lenyewe, si maji yake, likifuatwa na kungumanga, kahawa iliyokaangwa na ndizi iliyoiva hadi ganda lake kupata madoa meusi. Ndizi hiyo ndiyo sahihi ya Jamaika. Hutokana na esta, kemikali zinazozaliwa wakati wa kuchachusha molasi, yaani uji mzito mweusi unaobaki sukari ya muwa ikishatolewa, na kubaki kwa wingi pale kinywaji kinapopitia mtambo wa chungu. Mdomoni Appleton huanza kavu. Huo ndio mshangao kwa anayedhani ramu lazima iwe tamu, kwa sababu sukari yote ya muwa ilikwisha kuliwa na hamira kabla ya moto kuwashwa, na kinachofika chupani hakina sababu ya kuwa na utamu isipokuwa mtu ameurudisha. Katikati hutokea mdalasini na sukari guru iliyoungua kidogo, na mwisho ni mrefu, wenye uchungu mwepesi wa mwaloni ambao wapenzi wa wiski wataufurahia. Kasoro yake ni kwamba uchungu huo hukaza ulimi glasi ikikaa muda mrefu. Maji kidogo huulegeza. Kama mtu ana fedha za chupa moja tu kati ya hizi tano, hii ndiyo ninayomshauri, na nasema hivyo nikijua kwamba Lagavulin ni kinywaji kikubwa zaidi.

El Dorado 12 inatoka katika kiwanda cha Demerara Distillers kilichopo Diamond, kando ya mto Demerara. Kuna jambo moja linalokifanya kiwanda hicho kiwe cha pekee: kinamiliki mitambo ya kukenekea iliyotengenezwa kwa mbao, iliyorithiwa kutoka mashamba ya miwa yaliyofungwa. Mtambo wa Port Mourant una vyungu viwili vya mbao, wa Versailles una chungu kimoja, na wa Enmore ni mnara wa mbao wa aina iliyobuniwa na Aeneas Coffey aliyepata hataza mwaka 1830. Mbao zake ni za mti mgumu wa Guyana uitwao greenheart, ambao huvumilia joto na unyevu kwa miaka mingi, na mbao zikichakaa hubadilishwa moja moja ili mtambo usisimame. Ramu ya Demerara ilikuwa sehemu kubwa ya mgao uliotolewa kwa mabaharia wa jeshi la maji la Uingereza hadi desturi hiyo ilipokomeshwa tarehe 31 Julai 1970.

Harufu yake ni tende, halua, mdalasini na tumbaku mbichi, na nyuma yake kuna kitu cha udongo na kalamu ya risasi iliyochongwa muda huohuo, ambacho wapenzi wa ramu za Guyana hukihusisha na ile mitambo ya mbao. Puani ni ramu ya kuvutia kuliko Appleton. Mdomoni mambo yanabadilika. Utamu unatangulia na unakaa, na ile ladha ya udongo iliyokuwa ikiahidiwa puani inabaki chini yake bila kupata nafasi ya kusema. Vipimo vilivyotangazwa miaka iliyopita na Alko, kampuni ya serikali ya Ufini inayouza pombe na kuchapisha kiasi cha sukari cha kila chupa, viliikuta na sukari inayozidi ule ukomo wa sasa wa Ulaya. Sukari si sumu na haimdanganyi anayeipenda. Tatizo ni kwamba hufunika ukali wa alkoholi, hunenepesha kinywaji ulimini na kuifanya ramu changa ionekane yenye umri, na hapo namba ya kwenye lebo inapoteza ushahidi wake.

Kuna njia ya kuhakiki jambo hili nyumbani isiyohitaji maabara. Kijiko cha chai cha kila kinywaji humiminwa katika kisahani cheupe na kuachwa wazi usiku kucha. Asubuhi, visahani vya Black Label, Lagavulin na Appleton vilikuwa na doa jembamba la kahawia, kavu, linalokwanguka kwa ukucha. Cha El Dorado kilikuwa na utandu unaong'aa unaonata kidoleni, na cha Zacapa vivyo hivyo. Sisimizi walikuwa wamekwisha kuvipata hivyo viwili na kuviacha vile vitatu bila kuvigusa, wakamaliza ubishi uliokuwa umebaki mezani. Anayetaka namba atumie haidromita: sukari huongeza uzito wa kimiminika, kwa hiyo chombo husoma alkoholi ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye lebo, na pengo hilo likiwa kubwa, nyongeza nayo ni kubwa.

Ron Zacapa 23 ndiyo chupa nzuri kuliko zote kuitazama, ikiwa na ukanda wake wa ukili uliosukwa kwa majani ya miyaa. Hutengenezwa kwa asali ya miwa, yaani maji ya muwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, badala ya molasi, na huzeeshwa kwenye nyanda za juu za Guatemala, mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, ambako ubaridi hupunguza kasi ya pipa. Mchanganyaji wake mkuu, Lorena Vásquez, hutumia utaratibu wa solera, ambapo ramu za umri tofauti huchanganywa na kuhamishwa kutoka pipa hadi pipa, yakiwemo yaliyowahi kuhifadhi bourbon na mvinyo wa sheri. Ramu zilizomo zina umri kati ya miaka 6 na 23. Kwa hiyo, ingepimwa kwa kanuni ya Uskoti, namba ambayo ingeruhusiwa ni 6. Kampuni haifichi jambo hilo, ila mnunuzi mwenye haraka hasomi herufi ndogo.

Ladha yake ni karameli, chokoleti, zabibu kavu na vanila, yote yakiwa yamelainishwa hadi hakuna kinachokwaruza. Baada ya chakula, pamoja na kahawa chungu, inafaa sana, na mgeni asiyezoea pombe kali ataichagua hii mbele ya zote. Mimi huichoka kabla glasi haijaisha, kwa kuwa kila funda linarudia lililotangulia. Kwa bei yake, ambayo kwa kawaida iko juu ya ile ya Appleton, nashindwa kuitetea isipokuwa kama zawadi.

Kuhusu ununuzi, Black Label ipo kila duka, na kwa sababu hiyohiyo ni miongoni mwa chupa zinazowavutia waghushi wanaojaza upya chupa tupu. Nchini Kenya stempu ya ushuru inaweza kuhakikiwa kwa programu ya simu ya mamlaka ya mapato, KRA, iitwayo Soma Label, na Tanzania kwa Hakiki Stempu ya mamlaka ya mapato ya huko, TRA. Inachukua muda mfupi kuliko kuhesabiwa chenji. Ramu hizi tatu ni adimu zaidi katika maduka yetu, na mara nyingi hupatikana kwa kuagiza au katika maduka ya viwanja vya ndege. Chupa ikishafunguliwa isimamishwe wima, tofauti na mvinyo wa zabibu unaolazwa, kwa sababu alkoholi ya asilimia 40 hula kizibo cha gome na kuacha vipande vyake vikielea. Iwekwe mbali na dirisha, na ikibaki robo imalizwe ndani ya miezi michache, hasa Lagavulin, ambayo moshi wake hupungua kwa kadiri hewa inavyoongezeka chupani. El Dorado na Zacapa zinavumilia zaidi.